Wetu wa Kwenye Televisheni

Estelle Pomerantz, rafiki wa familia, hakuwa mtu wa kubisha hodi katika nyumba ya akina Gelbfarb. Kila Alhamisi jioni aliusukuma mlango, akaingia na theluji yake mabegani, akapaza sauti toka koridoni: "Wameanza?" Na kutoka sebuleni mama mkwe wa Darlene alimjibu kwa sauti ambayo hakuwahi kumtolea Darlene hata siku moja. "Bado, binti yangu! Njoo upesi, nimekuwekea nafasi!"

Nafasi yenyewe ilikuwa ya Darlene. Kabla mkwewe, mzee Gittel, hajavunjika nyonga na kuhamia kwao, Darlene ndiye aliyekuwa akikaa pembe ile ya kochi, miguu juu, ubavuni mwa mumewe Myron. Siku hizi kochi lilikuwa na wenyewe: Gittel katikati kama malkia, mwanawe kulia, Estelle kushoto. Darlene alikuwa na kiti cha mezani. Alikibeba mwenyewe kutoka jikoni, na vipindi vikiisha akakirudisha mwenyewe.

Walikuwa na mchezo wao wa kutazama. Mtu akitokea kwenye televisheni, Gittel alimkazia macho, kisha akatoa hukumu: huyu wetu, huyu si wetu. Haikujalisha kipindi kilisema mtu huyo ni nani. Kipindi kingeweza kusema ni Mskoti na sketi yake. Gittel alikuwa na vipimo vyake, na pale Squirrel Hill, mtaa wao wa Wayahudi, kuanzia saluni hadi duka la samaki la barabara ya Murray, wanawake walimsikiliza.

"Yule mpelelezi mpya," Estelle alisema huku akivua viatu. "Mimi nasema wetu."

"Anaitwa Callahan, Estelle, jina la Kikatoliki kabisa," Myron akacheka.

"Ajiite apendavyo," Gittel akadakia. "Mtu anaingia nyumba yenye maiti, na kitu cha kwanza anamuuliza mjane kama amekula? Wetu huyo. Mfungeni rozari shingoni, bado ni wetu."

"Na yule daktari wa Jumanne?"

"Daktari, hapana. Jina la Kiyahudi wamempa, na mama wa kumpigia simu kila wiki wamempa. Lakini ni wa kubandika. Mama akipiga simu, anafurahi! Mmeona wapi?"

Wakacheka wote watatu kwa pamoja, na Myron alianza kucheka hata kabla mama yake hajamaliza sentensi. Kicheko kile ndicho kilichomuuma Darlene roho. Hakikuwa cha dharau, wala hakikumlenga yeye. Kilitoka tu mahali ambapo wao walizaliwa wakiwa na ufunguo wake. Yeye naye alicheka, lakini kila mara alichelewa kidogo, kama mtu anayepiga makofi muziki ukiwa umeshakwisha.

Aliwahi kujaribu. Wiki chache nyuma alimwonyesha dada mmoja katika kipindi cha wapangaji, akasema, "Huyu naona kama wetu."

"Labda," Gittel alimjibu kwa upole.

"Ah, huyo Mprotestanti, mpenzi," Estelle akamwelimisha. "Tazama anavyofungua zawadi. Anachana karatasi! Mama yangu mpaka leo ametunza karatasi za zawadi za harusi yangu, na ndoa yenyewe ilishakufa."

Darlene hakujaribu tena. Alikaa kwenye kiti chake kigumu, akamtazama Estelle akimwekea Gittel mto mgongoni bila kuombwa, na Gittel akiupokea bila kushukuru, jinsi watu wa nyumba moja wasivyoshukuriana. Yeye Darlene, akimletea mkwewe hata glasi ya maji, alishukuriwa mara tatu.

Kipindi kikubwa cha Alhamisi kikaanza. Kilikuwa cha familia ya Wagiriki wa Chicago wenye duka la kufulia nguo. Baba mwenye masharubu mazito, mama asiyekaa chini, mtoto wa kiume aliyehamia mtaa mwingine. Jioni ile gesi ilikuwa imeharibika na fundi amekuja. Mama alikuwa ameshamwekea fundi sahani ya pili. Baba alisimama juu ya kichwa cha fundi akimlalamikia. "Nina mtoto wa kiume," alimwambia. "Haji. Hapigi simu."

"Baba, niko hapa," mtoto alisema nyuma yake.

"Unasikia?" baba akamwambia fundi kwa huzuni. "Hata sauti yake nimeanza kuisahau."

Gittel alicheka mpaka akashika nyonga yake. Machozi yalimtoka. Myron alikuwa amejilaza ubavu, na Estelle akampiga Gittel begani akisema, "Marehemu babangu! Haki ya Mungu, ni marehemu babangu!"

"Na mwigizaji mwenyewe Mwitaliano," Myron alisema akifuta macho. "Nimesoma gazetini."

"Mwitaliano, Mgiriki, hainihusu!" Gittel akapiga paja. "Hawa ni Wayahudi kuliko Wayahudi. Ni Wayahudi kuliko sisi sote humu ndani!"

Mikono ya Darlene ilikuwa bado inanuka vitunguu. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, ambayo jioni yake Sabato huingia, naye alikuwa ameshasuka unga wa mkate wa Sabato akilini mwake, ameshapanga kuku, ameshapiga pasi kitambaa cheupe cha meza. Ilikuwa zaidi ya miaka kumi tangu asimame mbele ya marabi watatu, akaulizwa maswali, akazamishwa majini akiwa Darlene Drozda binti wa mchoma vyuma, akaibuka Myahudi, na jina jipya la Kiebrania. Akasikia sauti yake ikiuliza, "Na mimi?"

"Wewe unataka nini, Darlene? Chai?" Gittel aliuliza, macho yakiwa bado kwenye tangazo la sabuni.

"Mimi, Mama. Tuseme niko humo kwenye televisheni. Natokea hapo na jikoni yangu, na mkate wangu, na kila kitu ninachofanya. Ungesema mimi ni wetu?"

Tangazo la sabuni likaisha, likaja la gari. Gittel akamgeukia, na usoni mwake mkaingia huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kofi.

"Darlene," alisema, "wewe ni mtu mwema sana."

"Sikuuliza wema."

"Una moyo wa dhahabu. Muulize mtu yeyote."

"Kweli kabisa," Estelle akasaidia. "Mimi huwaambia watu, Darlene ni mtakatifu."

Mtakatifu! Neno la kanisani, la sanamu na mishumaa ya ubani. Hata Estelle mwenyewe alilisikia lilivyodondoka, akajishughulisha na soksi zake.

"Myron?" Darlene akauliza.

Mumewe alikuwa akitazama gari la tangazo kama mtu anayetaka kulinunua. "Ni mchezo tu, Dar."

"Najua ni mchezo. Naomba jibu."

"Kipindi kinarudi," Myron alisema.

Darlene akainuka, akakamata kiti chake kwa mgongo, akakirudisha jikoni.

*

Chumbani Myron alijaribu kuyamaliza. Alikuwa mtu wa duka la miwani, amezoea kumgeuzia mteja kioo hiki na kile mpaka aone vizuri, na aliamini kila ugomvi una kioo chake.

"Mama ni mzee, Dar. Maneno yanamtoka."

"Na wewe? Wewe pia mzee?"

"Mimi nimesema nini?"

"Hukusema. Ndilo ninalosema." Alikuwa akikunja shuka lililokwisha kukunjwa. "Yule mwigizaji ni Mwitaliano, umesoma mwenyewe. Jumapili anakwenda misa. Nusu saa tu, Myron! Nusu saa, masharubu ya gundi, na mama yako amemkabidhi Torati. Mimi nimejifunza alfabeti ya watu wengine nikiwa mtu mzima. Nimewaacha watu wangu wakila Krismasi bila mimi. Nami ni mtu mwema sana."

"Unamwonea wivu mtu wa kwenye televisheni?"

"Ndiyo!" alisema Darlene, na aibu ikamjaa usoni. "Ndiyo, namwonea. Na huyo Estelle wenu pia. Ungemwoa yeye kama mama yako alivyotaka, nyumba hii ingekuwa inacheka toka asubuhi."

"Estelle? Estelle anakula kamba wa baharini, haramu kwetu, kwenye mgahawa wa Wachina Siku ya Upatanisho! Watu wamefunga, yeye anamenya kamba!"

"Ndiyo," Darlene alisema. "Na bado ni wenu."

Myron akazima taa.

*

Asubuhi hakukuwa na unga kwenye bakuli. Gittel aliingia jikoni akiegemea kigari chake cha kutembelea, akaiona meza tupu, akamwona Darlene amevaa koti na mkoba uko begani.

"Leo siko, Mama. Naenda kwa kaka yangu. Nitalala huko."

"Leo ni Ijumaa."

"Najua ni Ijumaa. Huwa ni mimi ninayewakumbusha."

Gittel alimtazama. Alionekana kama mtu mwenye la kusema, kisha akasema, "Barabara zina barafu. Endesha polepole." Akaongeza, "Ahsante." Darlene hakujua alishukuriwa nini. Akafunga mlango kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kaka yake Kazik alikaa bado mtaa uleule wa Wapolandi walikozaliwa, juu ya kilima, ambako ngazi za barabarani zilikuwa nyingi kuliko magari. Alikuwa fundi wa lifti. Mkewe Loretta alimpokea Darlene kwa kumkumbatia, akamvua koti, akalitundika kwenye chumba cha wageni, si kwenye misumari ya koridoni walipotundika wenyewe.

Nyumba ilinuka vitunguu vikichomwa kwa mafuta ya nguruwe. Loretta alikuwa amepika pierogi, vile vibumba vya unga vyenye viazi na jibini ndani, na Darlene aliiona ile sufuria nyeusi ya marehemu mama yao ikichemka jikoni, akakumbuka jinsi mama alivyokuwa akiwapiga mikono wakidokoa.

"Nimekukumbuka," Loretta alisema kwa furaha ya mtu aliyejiandaa. "Najua ninyi hamli hivi. Nimekununulia samaki wa kopo, sijamfungua, umfungue mwenyewe. Na sahani ya karatasi, maana zetu zimegusa kila kitu."

"Ungejisumbua nini, Loretta."

"Si usumbufu! Nilimpigia simu mwenzangu kazini, naye ana jirani Myahudi, ndiye aliyeniambia."

Basi Darlene akala samaki wa kopo kwenye sahani ya karatasi iliyolegea kila alipoigusa kwa uma, huku kaka yake mbele yake akipasua pierogi kimoja baada ya kingine na mvuke ukimpanda puani. Hakukuwa na mtu wa kulaumu. Walikuwa wamemfanyia wema mtupu. Akaionea wivu midomo ya kaka yake iliyokuwa inang'aa mafuta.

Simu ikalia kabla jua halijazama. Alikuwa Myron.

"Estelle ameleta kuku," alisema. "Mama anauliza sufuria ya supu iko wapi."

"Ya nyama au ya maziwa?" Jikoni mwake vyombo vya nyama na vya maziwa havikuchanganywa, kama sheria ya Kiyahudi inavyotaka.

"Dar, tafadhali. Ya supu."

"Mwulize Estelle," Darlene akasema, akakata simu. Akilini alimwona Estelle mbele ya makabati yake, akifungua hili na lile, akicheka.

Baada ya chakula Loretta aliingiza kanda ya video. Kazik alikuwa na zamu Alhamisi jioni, kwa hiyo mkewe humrekodia vipindi vyake. Na hapo kwenye kioo akatokea nani? Baba Mgiriki mwenye masharubu, na fundi wa gesi, na mama asiyekaa chini.

"Angalia, Darlene!" Kazik akampiga kiwiko. "Huyu si Mgiriki. Huyu ni baba, Mungu amrehemu, wamemvalisha masharubu."

"Na mama mtu ni shangazi yenu Jadwiga," Loretta alisema. "Nilivyokuja kuchumbiwa alinilisha mpaka nikatapika."

"Ni Wapolandi hawa. Sijui kwa nini wanaficha. Wapolandi watupu!"

Darlene alikodoa macho. Ndugu yake alikuwa anacheka kicheko kilekile cha Gittel, akishika ubavu, machozi yakimtoka. Na mkewe akimpiga begani vilevile. Naye mwenyewe akajikuta anacheka, na safari hii hakuchelewa, maana kweli alikuwa baba yao: yule mkono hewani, ile huzuni ya kujifanya. Kwa dakika chache alikuwa nyumbani.

Kisha ikaja sehemu ambayo jana hakuiona, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuondoka na kiti chake. Padri wa Kigiriki alikuja kubariki mashine ya kufulia, na baada ya kunyunyiza maji akauliza kama suruali zake ziko tayari. Kazik alicheka, halafu akakumbuka mgeni, akainamia upande wake kumsaidia.

"Unajua, sisi kila Januari padri hupita nyumba kwa nyumba na maji ya baraka, kwa hiyo hapo—"

"Kazik," Darlene alisema. "Bakuli la maji hayo nilikuwa nalishika mimi. Wewe ulikuwa unajificha bafuni."



"Eee, kweli," Kazik alisema. "Lakini zamani hizo." Akajikuna shingo. Kipindi kilipokwisha akanyoosha mkono kuzima. "Kinachofuata sikipendi. Wale marafiki wanaolalamika toka mwanzo mpaka mwisho. Hicho ni cha watu wenu."

Alisema bila ubaya, kama mtu anavyosema mvua inanyesha. Watu wenu. Darlene alikuwa amelitamani neno lile kwa miaka, amelipikia, amelifungia, amelisimamia sinagogini mpaka miguu ikavimba, na hakuna mtu Squirrel Hill aliyewahi kulitamka bila "labda" mbele yake. Na sasa kaka yake alikuwa analitoa bure, kama mtu anayekurushia koti lako mlangoni.

"Kiache," alisema. "Nataka kukitazama."

Alikitazama peke yake. Loretta alikuwa anaosha vyombo, na Kazik alisinzia. Hakucheka hata mara moja.

*

Alirudi Jumamosi giza likianza kuingia. Myron alikuwa bado sinagogini. Gittel alikuwa peke yake jikoni, kigari kimeegeshwa ubavuni, mikono imezama kwenye maji ya sufuria iliyoungua.

"Umerudi," alisema bila kugeuka.

"Nimerudi."

"Kaka yako mzima?"

"Mzima."

"Estelle alileta kuku."

"Nimesikia."

"Mkavu. Kama kula gazeti."

Furaha iliyompata Darlene ilikuwa furaha ya mwizi; akaificha kwa kuvua glavu. Alichukua taulo, akasogea kumpokea mkwewe sufuria, lakini Gittel akaing'ang'ania.

"Juzi uliniuliza swali."

"Achana nalo, Mama."

"Usiniambie niachane nalo. Kwani mimi nani, mgonjwa? Nilikuwa na jibu. Sikulitoa kwa sababu lilikuwa baya."

"Litoe basi."

Gittel akaiachia sufuria ikazama. "Nakuonea wivu," alisema.

Darlene alidhani hakusikia vizuri.

"Unanitazama nini? Baba yangu alikuwa mkomunisti. Siku ya Upatanisho alikaa barazani akala mkate na siagi, makusudi, majirani wamwone. Kwetu hakukuwa na Sabato. Kulikuwa na mikutano. Mimi Kiebrania sijui hata herufi ya kwanza."

"Lakini sinagogini unafungua kitabu."

"Nafungua. Wewe ukigeuza ukurasa, nami nageuza. Miaka yote hii nakaa nyuma yako, unafikiri kwa nini? Kwa ajili ya nywele zako?" Sauti yake ilianza kupanda. "Halafu navunjika nyonga, naletwa hapa. Siku ya kwanza, siku ya kwanza tu, nachukua kijiko nikoroge kahawa yangu, nawe unaniambia, kwa upole kama nesi, 'Mama, hicho ni cha nyama.' Mimi! Nimetukanwa Myahudi njiani toka ningali mtoto. Shangazi zangu wote waliuawa kule Poland, kwa sababu ya Uyahudi huohuo. Halafu nije nifundishwe kijiko na binti wa Drozda!"

"Ningejuaje? Hukusema!"

"Nilisema ahsante! Kila siku nasema ahsante! Mtu gani husema ahsante nyumbani kwake? Mimi ndiye mgeni hapa, Darlene. Nimebakiwa na nini? Televisheni. Pale tu ndipo ninapojua kitu kabla sijaambiwa. Na hapo nako ukataka uingie."

"Na mimi nimebakiwa na nini?" Darlene alipiga kelele. "Vijiko! Mlinipa vijiko, mkabaki na kicheko! Nimeosha vijiko vyenu miaka yote nikidhani siku moja mtanipa na hicho!"

"Usinipigie kelele jikoni mwangu!"

"Jikoni mwangu!"

Wakatazamana, wote wawili wanahema. Hawakuwa wamewahi kupaziana sauti toka siku ya harusi. Gittel akajishusha kitini taratibu, akiilinda nyonga yake, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Jana tulisimama mbele ya mishumaa ya Sabato," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi sijui maneno. Estelle hajui. Myron anajua nusu, na nusu yenyewe ni ya sala ya divai. Watu watatu, tumezaliwa Wayahudi, tumesimama pale kama watu waliosahau namba ya simu. Estelle akacheka. Mimi sikucheka. Tukawasha hivyohivyo, kama umeme umekatika."

Darlene alijua angepaswa kumwonea huruma, na alimwonea. Lakini chini ya huruma ile kulikuwa na kitu kitamu na kibaya, kwamba hatimaye na yeye alikuwa na kitu cha kuonewa wivu. Akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza.

"Na wewe huko," Gittel aliuliza, "mlifanya nini jioni nzima?"

"Tulitazama televisheni."

"Nini?"

"Walewale. Loretta huwarekodi."

Gittel akainua kichwa. "Wakasemaje?"

"Wamesema ni Wapolandi watupu. Kazik amesema ni baba yetu, amevalishwa masharubu."

"Wapolandi? Yule baba? Yule wa fundi wa gesi?"

"Huyohuyo."

"Mpolandi atamlalamikia fundi wa gesi?"

"Baba yangu alimlalamikia padri, Mama. Kwenye mazishi ya mjomba wake, jeneza likiwa bado wazi."

Usoni mwa Gittel pakaingia kitu ambacho Darlene alikifahamu kama kiganja cha mkono wake. Midomo ilibana, macho yakawa madogo. Kilikuwa kijicho, kijicho safi kisichochanganywa na chochote.

"Hata hao sasa wanawataka," Gittel alisema. Aligonga meza kwa kidole. "Haya. Wewe umetoka kule, uko huku. Hakuna mwingine ninayemjua. Sema kweli, na usinipendeze. Ni wetu au ni wao?"

Darlene akafikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza jambo katika nyumba ile kwa ukali namna ile, bila hata chembe ya wema, na hakutaka kuharakisha.

"Ni Wagiriki, Mama," alisema.

Gittel alimkodolea macho. Hasira na kicheko viligombania mdomo wake, na kwa muda haikujulikana ni kipi kitashinda.

"Toka," alisema. "Toka mbele yangu, mwanamke mkaidi we. Hapana, kaa. Kaa hapohapo. Baba yako alimwambia nini huyo padri?"

Darlene akaegemeza viwiko mezani, akaanza toka mwanzo, na mkono wa baba yake ukiwa hewani. Hakuwa amefika mbali simu ilipolia koridoni. Wote wawili walijua ni Estelle. Saa ile ya Jumamosi hapakuwa na mwingine. Ikalia, ikalia. Darlene akanyamaza, akangoja.

"Iache," Gittel alisema. "Ehe, padri akajibuje?"